Swali la Thelathini na Moja

Ajira yangu ina miezi saba
na vidole bado havijaizoea chaki;
usiku nikivileta puani vinanuka ukuta.
Ofisini, juu ya kabati la vitabu visivyofunguliwa,
Bi Shemweta amebandika karatasi ya kata:
shule kumi na mbili, sisi wa kumi na moja.
Wale wa mwisho, anasema, paa lao liliezuliwa na upepo.
Kwa hiyo wa mwisho ni sisi.

Chuoni Korogwe niliandika maandalio ya somo
kwa wino wa rangi tatu.
Mkufunzi alinipigia mstari: mtoto ajenge maana mwenyewe.
Hapa Pongwe mtoto hajengi kitu.
Anasiliba.
Alfajiri kabla ya uji anasiliba,
jioni, vumbi la mkonge likitua madirishani, anasiliba
kiduara kidogo kama punje ya mtama:
asitoke nje ya mstari,
asifute mara mbili,
asiwaze mara mbili.

Jana tulisahihisha moko.
Rundo langu: Maarifa ya Jamii na Stadi za Kazi.
Swali la thelathini na moja,
kamba hutengenezwa kwa kutumia nini?
A, udongo. B, katani. C, makumbi. D, maziwa. E, makaa.
Mwongozo unasema B. Mwongozo hauna la ziada.

Mwanakombo Ngoda kasiliba B, kasiliba na C,
viduara viwili vyeusi tii, bila wasiwasi.
Baba yake anakata mkonge,
miiba imemchora mikono yote hadi kwenye viwiko.
Bibi yake, kule Mwarongo, hufukia makumbi topeni
miezi na miezi, akayafukua, akayaponda,
akayasokota juu ya paja.
Mbuzi wao amefungwa kwa kamba hiyo. Nimemwona.
Hajawahi kukimbia.

Nikaandika kosa.
Herufi mbili, alama hakuna, ndiyo sheria.
Kalamu nyekundu haikutetemeka.
Hilo ndilo lililonitisha.

Na nikisema kweli,
mwaka wangu wa darasa la saba, kwetu Magoma,
hesabu kumi na nne za mwisho sikuzijua.
Nilisiliba C zote, moja chini ya nyingine,
kama mtu anayeshuka ngazi gizani.
Sijui ngapi ziliniokoa.
Hoza, aliyenifundisha sehemu kwa kukata muwa,
alikokotoa moja moja mpaka kengele ikamkuta,
nane ziko wazi.
Leo yuko Muheza, anapakia machungwa;
hesabu ya matenga hakosei.
Mimi ni mwalimu wa hisabati.

Nilimwita Mwanakombo barazani.
"Ukiona mbili ni sahihi, chagua moja."
"Ipi, mwalimu?"
"Wanayoitaka."
"Nani?"
Kuku wa mlinzi akapita kati yetu, akadonoa, akaenda zake.
"B," nikasema.
"Ndiyo, mwalimu," akaitikia, mikono nyuma,
vilevile ninavyoitikia mimi
afisa elimu kata anapouliza asilimia.

Kesho ndio wenyewe, wa taifa.
Haturuhusiwi kuwa karibu na watoto wetu.
Mimi nimepangiwa Mabokweni, nikasimamie wa wenzangu,
na mtu wa Mabokweni nisiyemjua
atapita kati ya madawati yangu akihesabu vichwa.
Hatajua kwamba Athmani haoni vizuri akiketi nyuma.
Hatajua yupi hakula.

Usiku huu nachonga penseli kwa wembe,
arobaini na tatu, maganda yanajikunja mkekani.
Ya Mwanakombo niliichonga ncha mbili.
Kisha nikaogopa.
Ncha moja nikaikata.