Alifu

Shaame Kombo hubeba barafu. Mimi hubeba boflo.
Huondoka Limbani sote, jogoo hajamaliza maneno yake,
gunia lake limeshindiliwa unga wa mbao na bado linavuja,
tenga langu limefunikwa kanga ya mke wangu, linafuka.
Mbele kidogo njia hugawika,
na hapo, kila siku ya Mungu, hugombana.

Yeye anataka njia kubwa, ya Mzambarauni na Ole.
"Imenyooka kama alifu," husema.
"Unaiona kesho yako ungali leo."
Mimi nataka ile ya zamani,
iliyochorwa na mtu aliyekuwa akimfuata ng'ombe,
na ng'ombe naye akifuata kivuli.

Nilimwambia: Shaame, mlima ukiuona wote
miguu huchoka kabla ya kuufikia.
Kona ina adabu. Hukulisha mlima
kama mama amlishavyo mtoto anayekataa uji:
kijiko hiki tu, mwanangu. Haya, na hiki. Basi, cha mwisho.
Na nyuma ya cha mwisho kipo kingine,
lakini umeshameza.

Kona ya kwanza harufu ya karafuu, zimeanikwa hadi nusu ya lami.
Ya pili moshi wa mofa.
Ya tatu kuna kuku mmoja mwekundu, kila siku
hushtuka kama hajapata kuona baskeli.
Kwenye njia yako je?
Nguzo za umeme. Tena si mimi nizihesabuye,
zinanihesabu zenyewe.
Mtu anayekuja nimemwona robo saa nzima;
tukipishana, salamu imeshapoa.

Akacheka. "Barafu haijui hadithi. Barafu inajua saa."
Lakini ya zamani ni fupi! Nikamhesabia kwa vidole.
Akainama, akaukaza tena mpira wa keria
ambao haukuwa umelegea.

Mwezi wa Shaabani njia kubwa ikafungwa, wanamwaga lami.
Hana budi. Akatangulia, mimi nyuma,
nikifurahi kimya kimya kama mtu aliyeshinda kesi.

Kona ya moshi wa mofa, lori la mchanga
likapiga honi kabla ya kujitokeza.
Shaame katikati ya njia, anakanyaga tu.
Likapiga tena. Nikaita jina lake, na la baba yake.
Anakanyaga tu.
Aliliona pua ilipochomoza,
akajitupa mihogoni na gunia lake.

Barafu ilitawanyika kwenye matuta.
Alikaa chini, akagusa sikio la kulia.
"Hili lilikufa na surua. Na hili
linalifuata mwenzake, polepole."
Kisha, bila kuniangalia:
"Ndugu yangu, njia iliyonyooka ndiyo sikio langu."

Miaka tisa ya hoja zangu nzuri!
Nusu yake ilibebwa na upepo,
na mimi nikidhani ananiangalia mdomo kwa heshima.

Tulirudi tukikokota baskeli.
Maji ya gunia lake yalikuwa bado juu ya lami:
alipopinda yameandika waw,
mbele yake ain, imekolea,
kisha ha iliyofunguka, ikakaushwa na jua tukiitazama.
Sikumwonesha. Au nilimwonesha,
naye akadhani namwonesha shimo.

Siku hizi penye kona natangulia mimi.
Kiganja wazi: njoo. Ngumi: shuka.
Boflo zimenianguka mara mbili
kwa kuendesha na mkono mmoja,
na mke wangu anauliza tenga linaliwa na nani.

Leo kwenye njia panda nimesema wazi,
nimemgeukia usoni, nimetamka kila herufi:
twende ya zamani.
Akajifanya hasikii.
Akakata kuelekea Mzambarauni, mgongo umenyooka.

Nikamfuata.
Nguzo moja.
Nguzo mbili.