Kipokeo

Gunia la vitofali, lilifika Mkomani,
vyekundu na vya asali, vimejaa vumbi ndani;
akatwambia Jamali, tulioketi dakani:
"Pokea kwa wa kushoto, mpe aliye kulia.

"Kila mtu na mtambo, autengeneze kwake,
usizidi hata pambo, upana wa meza yake;
gololi isende kombo, moja moja izunguke:
pokea kwa wa kushoto, mpe aliye kulia.

"Na mizani yake moja, kila sekunde gololi;
ukichelewa ni hoja, ukiwahi ni ajali;
mwenzio akikungoja, usimjibu methali:
pokea kwa wa kushoto, mpe aliye kulia."

Bakuli la kupokea, tuliita kipokeo;
Somoe akachekea, "Beti gani hii leo?"
Mtambowe wapetea, gololi kama uteo:
pokea kwa wa kushoto, mpe aliye kulia.

Shee yeye ni kinyozi, mota katoa kazini,
inalia kama mbuzi, aliyefungwa jikoni;
gololi hupanda ngazi, zikikimbia madeni:
pokea kwa wa kushoto, mpe aliye kulia.

Palipokosa kipande, Bwanaadi alichonga
masalio ya upande, wa mlango wa kuunga;
rangi yake kama tende, na ua limejifunga:
pokea kwa wa kushoto, mpe aliye kulia.

Wangu mimi parafujo, niliusuka usiku;
giya zake zina fujo, meno kumi yako huku,
nane kule, na mchujo, wa mabovu kila siku:
pokea kwa wa kushoto, mpe aliye kulia.

Kura ya nafasi zetu, ikanitupa kwa Lali,
ndugu yangu, baba yetu, mmoja, mama ni mbali;
tangu lile duka letu, hatujuliani hali.
Pokea kwa wa kushoto, mpe aliye kulia!

Duka la taa na waya, tuliloachiwa sote;
tukagawana mabaya, mazuri yakenda yote;
sasa pauzwa hidaya, za wageni siku zote.
Pokea kwa wa kushoto, mpe aliye kulia.

"Jamali, hapa nitoe, unisogeze pembeni,
niwe nyuma ya Somoe, au mwisho barazani."
"Ya nini nikuondoe?" kajibu, "Rudi foleni.
Pokea kwa wa kushoto, mpe aliye kulia."

Ijumaa alasiri, zikapangwa meza tisa,
watoto kwa utitiri, na visheti na sambusa;
gololi, akakariri, ni hamsini kabisa:
pokea kwa wa kushoto, mpe aliye kulia.

Kwa Somoe zikapita, zikapeteka zikenda;
mbuzi wa Shee kaita, ngazi yake zikapanda;
kwa Lali zikajikita, laini juu ya kanda:
pokea kwa wa kushoto, mpe aliye kulia.

Pale pangu zikagonga. Bakuli liko angani,
mdomo wake kachonga, vidole viwili chini;
kila mtu alichunga, asimwulize mwendani.
Pokea kwa wa kushoto —

Zikamwagika sakafu, tatu, nane, kumi, sita;
watoto wakenda safu, chini ya meza kufwata;
mbuzi wa Shee, dhaifu, hakuacha kutapata.

Lali hakunitazama. Kasema tu, "Shusha lako."
Nikajibu nikinama, "Pandisha mdomo wako."
Kimya. Kisha akapima. "Moja kwangu, moja kwako."
— mpe aliye kulia.

Zikenda hadi adhana, ya magharibi kutoka;
hakuna aliyenena, mota zikachokachoka;
tukaibomoa tena, gunia likafungika.
Pokea kwa wa kushoto, mpe aliye kulia.

Hesabu: arobaini, na tisa. Moja haiko.
Tumepekua gizani, kila mkeka na jiko.
Iko kwangu mfukoni. Lali, kesho naja kwako.
Nipokee, wa kushoto, nakupa, niko kulia.