Mkono wa Mize

Kitabuni, Mize ana mkono ulioungua,
wa kushoto, kwa halua iliyomfokea akiwa na miaka tisa.
Ukurasa wa kumi na mbili. Naujua bila kufunua:
ngozi ilijikunja kama jani la mgomba motoni.
Miaka kumi na minane nawasomesha kidato cha tatu
hapa Wete, nakala saba, wanafunzi arubaini,
na kila mwaka yupo anayeuficha mkono wake chini ya dawati
wala hajui kwa nini.

Filamu imekuja na mikono miwili mizima.
Tuliitazama skuli, shuka mbili zimeungwa kwa sindano,
projekta ya kuazima, jenereta la msikitini.
Mize wa humo ana hina mpaka viwikoni,
analia bila makamasi,
anasema "jamani" kila akivuta pumzi,
yeye ambaye kitabuni kaposwa mara tatu
na jibu lake lote lilikuwa: "Sitaki. Chai inapoa."
Na yule mjomba aliyemdhulumu shamba,
niliyemchukia hata nikamwonea huruma,
wamempa miwani myeusi na kicheko
ili tusihangaike.

Mwisho, Mize anapanda boti Mkoani.
Muziki. Leso inapepea.
Kitabuni hapandi. Anarudi jikoni, anasugua sufuria
ile ile, na kitabu kinakwisha haijatakata.

Nikarudi nyumbani na hasira zangu, nikakifungua
nimtafute Mize wangu: maji ya kunde,
jino la mbele limekatika,
sauti nzito ya mtu aliyeamka sasa hivi.
Nilisoma mpaka adhana ya alfajiri.
Mkono niliukuta.
Jino sikulikuta.
Sauti haikuandikwa pahala popote.
Ile ni ya mama yangu, Bi Time,
nilimpa mimi, zamani,
wala sikumwomba mwandishi ruhusa.

Leo nasahihisha mitihani.
Subira Khatibu Faki ameandika, kwa mwandiko wake wa kulala:
*Mize alipanda boti, lakini mkono wake wa kushoto
ulibaki Pemba, ukisugua.*

Kitabuni hamna hilo. Kwenye filamu hamna.
Swali lina alama tano.
Kalamu nyekundu nimeishika tangu saa ile,
na chai imeshapoa.