Mafuta ya Kwatoni

Mama yangu, Risten, hajapata kuiona seli.
Alikuwa na shoka, chungu, na mguu wa kulungu wa barafuni
aliyechinjwa asubuhi ile, Karasjok,
baridi nyuzi thelathini chini ya sifuri.

Alipasua mfupa wa paja: uboho umeganda,
mweupe, mkavu, kama mshumaa.
Akapasua wa chini, karibu na kwato:
uboho ukachuruzika.
"Huu haugandi," akasema, akanipaka viatu vya ngozi.
Sikuuliza kwa nini. Nilikuwa na miaka tisa
na vidole vilikuwa vinaniuma.

Leo niko Tromsø, mvi kichwani, jicho kwenye hadubini.
Mistari miwili myeusi, sambamba:
ndiyo yote ninayoonyeshwa
ya utando wa seli moja ya mguu kama ule.
Ungepanga tando elfu kumi, moja juu ya nyingine,
ndipo ufikie unene wa unywele.

Mafuta, tabaka mbili, mkia kwa mkia.
Vichwa vinapenda maji, vinayaelekea nje na ndani;
mikia inayaogopa, imejificha katikati.
Hakuna gundi. Hakuna msumari.
Hofu ya maji tu, na nyumba imesimama.

Humo zinaelea protini, milango yenye uchoyo:
huu wapitisha maji peke yake, ule chumvi, tena kwa hesabu.
Oksijeni haibishi hodi,
huingia kama mtoto wa jirani.

Ukuta? Siuiti ukuta.
Ukuta hausogei. Huu hutiririka ukiwa mahali pake,
na siku utakapoacha kutiririka, mnyama amekufa.

Mikia iliyonyooka hubanana kama kuni;
baridi ikiikuta, imekwisha.
Iliyopinda goti haipangiki,
huacha upenyo,
na kwa upenyo huo kulungu hutembea thelujini.
Kadiri unavyoshuka kuelekea kwato
ndivyo magoti yanavyozidi.

(Mwalimu Halvorsen, na rula yake mgongoni pangu:
"Nyooka! Na hiyo lugha yenu uiache mlangoni.")

Jana usiku nilimpigia mama simu.
Nikamweleza yote, kwa lugha ile ile ya mlangoni:
tabaka, mikia, magoti.
Alinyamaza hata nikadhani laini imekatika.

"Sawa," akasema.
"Na viatu, umevipaka?"