Futi Nne

Zilikuwa mbili, nyuma ya ghala la Mbarouk, Mkoani,
zimekalishwa juu ya matairi makongwe,
nyeupe, ubavuni mstari wa buluu,
omo zake wazi kama baraza:
viti vimezunguka, mtu akae atazamane na mwenziwe
na upepo umpige usoni.
Zilitoka hoteli moja iliyofungwa.
Mama mmoja, baba mmoja, akasema Mbarouk,
ila hii ni futi kumi na saba
na ile ishirini na moja.

Baba alikuja na futikamba yake ya bandarini.
Miaka thelathini na miwili kaandika mizigo ya watu;
sasa kiinua mgongo kimo katika bahasha,
bahasha imo katika mfuko wa koti,
na koti halivuliwi, jua lote lile.
Akapima ndogo. Akapima kubwa.
Akairudia ndogo,
kana kwamba ingerefuka kwa kumwonea huruma.

Ndogo ilikuwa na kuku.
Ametaga mayai manne chini ya usukani,
akatutazama kama mwenye hati ya nyumba.
"Kuku hayumo katika bei," akasema Mbarouk.
Mama akacheka.
Baba hakucheka, alikuwa anahesabu.

Injini ya ndogo, farasi tisini;
ya kubwa, mia na hamsini,
na farasi hawa, Mama akasema, hawali majani.
Khatib akainama, akagonga sakafu kwa kifundo cha kidole:
hapa ko, hapa ko,
na kwenye kubwa, karibu na tezi, pu.
Akagonga tena. Pu.
"Unyevu tu huo, ubao umekunywa masika."
"Ukishazoea kunywa," Mama akajibu, "hauachi."

Lakini Baba alikuwa keshapanda kubwa,
kaketi omoni, upande wa kulia,
ananyoosha kidole kiti kwa kiti:
Mama hapa. Khatib. Mkewe, mtoto pajani.
Mimi. Zuleikha. Bibi Mize kule penye kivuli.
Akasita kwenye kiti cha kushoto, cha mbele kabisa,
akakifuta vumbi kwa kiganja.
"Na Hafidh," akasema.

Hapana aliyetia neno.
Hafidh yuko Maskati, mwaka wa tisa huu.
Sauti yake huja siku ya Idi, ikikatikakatika,
na kila Idi husema Idi ijayo.
Mbarouk, asiyejua, akadakia:
"Waona, mzee? Ndogo isingewatosha."

Mama akapanda, polepole, kashika ukingo,
akaketi karibu naye, si katika kiti kile,
akasema kwa sauti ya jikoni,
ile ya kugawa wali usiotosha:
"Tununue ya waliopo.
Akija mtu, tutasogea."

Tukarudi na ndogo.
Khatib anasema ni kwa sababu ndiyo nzima.
Mama anasema petroli.
Mimi sijasema kitu hadi leo.
Kuku tulimhamishia kubwa, yeye na mayai yake,
chini ya usukani, mahali pale pale,
akatulia palepale, akajikunyata;
futi nne hazikumhusu.

Ijumaa ya kwanza tukaenda Misali.
Viti sita, watu saba,
na mtoto, na sufuria ya pilau.
Bibi Mize juu ya ndoo iliyopinduliwa,
akilalamika kuanzia gatini.
Khatib na mkewe wamegawana kiti kimoja.
Zuleikha sakafuni, magoti kifuani.
Baba kashika usukani, shati limejaa upepo,
mara ya kwanza kumwona mabega yake mchana;
na omoni, kushoto, peke yake,
koti limekunjwa vizuri,
mfuko mtupu,
linarowa chumvi.