Mahakama ya Ndizi

Jumamosi nashuka Manzese kwa miguu
hadi Mahakama ya Ndizi.
Hakimu hayupo. Ipo mikungu
imelazwa juu ya magunia kama watuhumiwa waliochoka,
na kijana Nchimbi anayeniita shangazi
ili nisahau kuomba apunguze bei.

Nataka mbivu, zenye madoa,
si hizi za kuivishwa kwa pupa.

Mimi natumia kidonge cheupe cha kukojoza.
Presha kinashusha, sikatai,
ila kikitoka na maji hakichagui,
kinachukua na potasiamu
kama mgeni anayeaga na vijiko vya mwenye nyumba.
Usiku wa manane kigimbi kinajikunja,
nakishika kwa mikono miwili, namwita Mwinshehe,
naye anakuja na taa ya simu, kanzu kageuza,
ananikandakanda bila neno.

Muuguzi Nakijwa aliniandikia nyuma ya kadi:
ndizi, maharage, mchicha, dafu.
Nikacheka. Dawa gani hii
niliyoanza kuila na meno ya utoto?

Sasa hukumu ya pili.
Mwinshehe naye ana presha, kidonge chake kingine,
na figo zake zimechoka
kama pampu ya kisima cha mtaa.
Kinachonivuja mimi
mwili wake umekifungia ndani, hautaki kukitoa.
"Kwako baba, ndizi kwa kipimo.
Ikizidi, moyo unakosea hatua."
Miaka thelathini na nane tumemenya mkungu mmoja,
leo sahani zetu zimetengana
kama vyombo vya waliopeana talaka.

Alinuna siku tatu.
Siku ya nne jirani akatuletea chumvi ya wenye presha,
kopo zuri, kifuniko cha kijani.
Nakijwa akaligeuza, akalisoma mgongoni,
akanirudishia kwa ncha za vidole, kama kisu.
"Humu imejaa potasiamu yenyewe, mama. Asiiguse.
Na wewe usiionje kabla hatujapima damu."

Basi jioni nakata viazi vyake vidogo vidogo,
nimeviloweka tangu adhuhuri,
navichemsha kwa maji tele.
Anasogea na sufuria kwenye karo, anataka kumwaga.
Weee! Lete bakuli.
Anachotakiwa akikwepe
ndicho nilichoagizwa nikitafute.
Nakamua ndimu, nakatia kitunguu,
nakunywa supu ya viazi vya mume wangu
naye ananitazama
kama anayeona shati lake limevaliwa na mtu mwingine
na limempendeza.

Jumatatu tutapimwa wote wawili.
Usiku huu mguu wangu umetulia.
Nusu ndizi yake aliyoruhusiwa
nimeificha kabatini, nyuma ya unga.
Anajua ilipo.
Anapita pale mara ya tatu sasa,
anatafuta miwani
aliyoivaa.