Shanga Nane

Baba yangu, Gajpal wa bonde la Gori,
aliuza chumvi na sufu kabla hajaanza kuuza hatua.
Walimwita Dehra, wakampa ua wenye kuta ndefu,
na kwa miezi sita mtu mzima mwenye ndevu
akafunzwa upya kutembea:
hatua hii sawa na ile,
mlimani, matopeni, njaa ikiuma, mbwa wakifukuza,
inchi thelathini na tatu, isizidi, isipungue.

Tasbihi ya watawa ina shanga mia na nane.
Ya kwake waliikata uzi, wakatoa nane, wakaifunga tena.
Mia ni nyepesi kwa hesabu,
na nani atazihesabu shanga za hujaji anayenong'ona?
Zile nane aliniletea mimi ndani ya kitambaa,
nina miaka saba, meno ya mbele sina.
"Kaa nazo, Dhanuli. Nikirudi tutazirudisha."

Akaenda.
Ndani ya fimbo, kipimajoto.
Ndani ya gurudumu la sala, badala ya sala, karatasi tupu.
Ndani ya makaure, zebaki iliyozibwa kwa nta.
Ndani ya kinywa, uongo mmoja, aliokuwa akiulisha kila siku
usije ukafa njiani.
Hatua mia, ushanga mmoja.
Hatua mia, ushanga mmoja.

Mwaka wa tatu mama alivunja bangili za mkono wa kushoto,
za kulia akaziacha.
Majirani hawakujua wampe pole au wanyamaze.

Alirudi mwaka wa tano, majira ya kupura ngano,
ncha ya pua imeliwa na baridi.
Nilimwona tangu kwenye zizi. Hakusalimu.
Midomo ilikuwa ikicheza, macho yako chini.
Alifika kizingitini, akafunga miguu pamoja,
akasema, "Sabini na nne,"
ndipo akalia.

Alinieleza mengine vipande vipande, tukichambua dengu.
Maji yakichemka upesi, ujue umepanda sana;
huko juu mchele hauivi, unautafuna hivyo hivyo
na kumshukuru mwenye nyumba.
Mwenye nyumba mmoja aliitwa Pema.
Alimlaza karibu na moto, akamtilia siagi kwenye chai,
asijue amekaribisha kamba ya kupimia.
Hilo baba alilisema mara moja tu, usiku, amelewa.

Ramani ikachapwa.
Mto uliokuwa unadhaniwa tu ukapata mikunjo yake.
Baba akapata herufi mbili mahali pa jina,
shamba lenye mawe mengi kuliko udongo,
na saa ya fedha iliyokufa kabla ya mvua za pili.
Hatua na hatua hujaza ramani;
ni ramani ya nani, hapo pana neno.
Maana nilipokwisha kuolewa tulisikia askari wamevuka,
huko mashariki, mizinga migongoni mwa nyumbu,
wakikijua kila kijito kilipo.
Baba aliingia ndani, akajifungia siku tatu.
Chakula nilikiweka mlangoni. Alikula chumvi tu.

Shanga hatukuzirudisha kamwe.
Tasbihi, kumbe, ilikuwa mali ya ofisi.

Alipokufa, wanaume walimbeba kwenda mtoni.
Sisi wanawake mwisho wetu ni darajani.
Nilifuata nyuma, shanga nane kwenye ngumi,
nikihesabu kama alivyonifunza, kimoyomoyo, bila kuruka:
mia, ushanga. Mia, ushanga.
Nilifika mia sita na arobaini na kitu
mpwa wangu akanivuta shali,
akauliza mbuzi wamefungwa au la.
Nikamjibu wamefungwa.
Nilipogeuka kuitafuta ile namba, haikuwapo,
na wao walikuwa tayari wameteremka,
wanatembea ovyo, kila mtu na hatua yake,
huyu ndefu, yule fupi,
na baba juu ya mabega yao, kwa mara ya kwanza,
hapimi kitu.